Ziwa Lisilo na Mlango

Mwalimu Remigius aliandika ubaoni kwa herufi kubwa, MAZIWA YA CHUMVI, na kabla hajageuka Fredy akauliza kutoka nyuma, "Ya ng'ombe au ya mbuzi, mwalimu?"

Darasa zima likacheka. Sisi wa masomo ya jioni ni watu wazima, tunafika tumechoka na kazi za mchana, kwa hiyo kichekesho kidogo kinatutosha. Mwalimu mwenyewe alicheka. Akasema, "Ya maji, Fredy. Kaa utulie, mtihani hautakuuliza habari za mbuzi."

Mimi sikucheka. Nilijifanya natafuta kalamu kwenye mfuko, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimekamua tone moja la maziwa yangu mwenyewe kiganjani, nikalionja, na lilikuwa na chumvi.

Mwanangu Lukelo alikuwa na miezi mitano. Tangu Jumamosi alikuwa analikataa ziwa la kushoto. Nikimweka anashika vizuri, anavuta mara mbili, halafu anaachia na kugeuza uso kama mtu aliyenyweshwa mwarobaini. La kulia analinyonya hadi linakuwa jepesi kama mfuko mtupu, kisha analia kwa sababu hajashiba. Siku ya tatu hiyo. Mashavu yalikuwa yameanza kupungua, au labda yalikuwa macho yangu. Mama akishaanza kuogopa, haoni kitu kingine.

"Agnella," mwalimu aliniita, "baba Lukelo bado yuko Natron?"

"Bado yuko, mwalimu."

"Basi somo hili ni lako. Huko ndiko tunakokwenda leo." Akachora mstari mrefu ubaoni kutoka juu hadi chini, kama ufa wa ukuta wa udongo, akapanga maziwa juu yake. "Ardhi ilivutwa huku na huku ikapasuka. Katikati ikazama. Kando kumebaki kuta za miamba, ndani kuna volkano, chemchemi za moto na maziwa ya magadi. Mvua huko ni chache, jua ni kali, majani ya kuhesabu."

Niliandika yote. Mume wangu Anselim alikuwa ameshanisimulia mengi, ila kwa namna yake. Anselim ni dereva. Miaka minne aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa ya hapa kwetu Kilombero, upande wa Mkula, kwenye ule udongo mweusi ambao masika unameza hadi ng'ombe, na sifa yake ilikuwa moja tu, kwamba hajawahi kukwama. "Mimi tope linaniogopa," alikuwa akinitambia tangu tukiwa wachumba. Ndiyo maana watafiti wa miamba walipotafuta dereva wa kwenda kaskazini miezi mitatu, jina lake lilitajwa. Alinipigia simu kila Jumapili, kutoka kwenye kilima kimoja ambako mtandao unashika. Alinisimulia heroe, wale ndege wa miguu mirefu wa rangi ya waridi, jinsi wanavyojenga viota vya tope katikati ya ziwa ambako fisi hafiki, fisi anasimama pembeni anatazama tu. Alinisimulia ndege aliyekufa akakauka na magadi akawa kama sanamu. Na kilichonichekesha zaidi, alisema heroe hawana chuchu lakini wanalisha watoto wao kwa maziwa mekundu yanayotoka kooni, na siyo mama peke yake.

"Huku baba naye ananyonyesha, Agnella!"

"Basi rudi na wewe usaidie," nilimwambia.

Jumapili iliyopita hakupiga. Nilipiga mimi, mara kumi na tatu. Namba unayopiga haipatikani.

*

Mama mkwe wangu, mama Dorotea, alikuwa ametoka kijijini kwake Mofu wiki tatu nyuma ili amshike mtoto nirudi darasani. Sitaki mtu amfikirie vibaya katika habari hii. Yeye ndiye aliyesema, "Nenda kamalize shule yako, mimi shamba langu halijaiva." Nilikuwa natoka saa kumi na nusu jioni, narudi saa moja na nusu, na nilikuwa namkuta Lukelo ameogeshwa, amelala, mguu mmoja nje ya khanga.

Jumatatu ile niliporudi, nilimwambia. Nilikuwa nimeficha siku tatu lakini mtoto alikuwa analia, kilio chembamba kisicho na nguvu.

"Lete," akasema. Akanyoosha kidole. Nikakamua. Akaonja, kisha akaonja tena.

"Maziwa ya chumvi," akasema.

Maneno yale yale ya ubaoni.

"Mama, labda ni dagaa niliokula."

"Dagaa gani wa ziwa moja?" Akamgeuza mtoto, akambonyeza mapaja. Alimtazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Agnella. Nitakuuliza mara moja tu, sitarudia. Huyu mtoto hajabemendwa?"

Neno hilo kwetu halitamkwi ovyo. Wanasema mtoto akiwa bado ananyonya, mzazi mmoja akienda nje ya ndoa, basi joto la nje linamrudia mtoto. Anakonda, miguu inalegea, maziwa yanamkataa. Kumbemenda mtoto ni kumuua polepole huku unambeba mgongoni.

"Mama, mimi?" nilisema. "Natoka hapa naenda darasani, natoka darasani narudi hapa."

"Darasani kuna wanaume."

"Kuna Fredy fundi cherehani, ana meno manne!"

"Meno hayahusiki," alisema mama Dorotea, wala hakutabasamu. Akachukua kitenge, akakikunja, akanifunga kifuani kwa nguvu, fundo likaja juu ya ziwa la kushoto. "Hili lisiguswe. Maziwa yaliyoharibika yaache yakauke. Tutaona."

Nilimwachia anifunge. Niseme ukweli wangu: nilijua sijafanya kosa, lakini nilikuwa naamini. Nililelewa na neno hilo. Na kama siyo mimi, na mtoto ana wazazi wawili tu, basi hesabu ilikuwa inaelekea upande mmoja, kwenye kilima kile ambako simu za Jumapili zilikuwa zimekoma.

*

Jumatano mchana nilimkuta mama Dorotea ameketi kwenye kigoda jikoni, ameshika simu yake ndogo ya kitochi kwa mikono miwili. Chungu cha maharage kilikuwa kinaungua na hakuwa amekiona.

"Kaa," aliniambia.

Nikaipua chungu, nikakaa.

"Imeingia tangu jana. Amesema nisikuambie. Nimekaa nayo usiku kucha, lakini huyu ni mjukuu wangu." Akanipa simu.

Ilikuwa namba ya Anselim. *Shikamoo mama. Nimenasa huku. Sioni pa kutokea. Usimwambie Agnella, nitamweleza mwenyewe nikirudi.*

Niliisoma mara nne. Huku bondeni mwanaume akisema amenasa, ni mambo mawili: gari limezama kwenye tope, au yeye amezama kwa mtu.

"Labda ni gari, mama," nilisema.

"Tope la wapi jangwani? Si wewe uliyenisomea daftari lako hapa, kwamba huko mvua hakuna, hata majani hayaoti? Na Anselim lini alikwama?" Alifuta macho kwa ncha ya khanga. Hakuwa na furaha ya kushinda. Jumatatu alikuwa ananishuku mimi, sasa ilikuwa mwanawe, na nadhani angeona afadhali ningekuwa mimi. "Nilimnyonyesha miaka miwili, Agnella. Sikumfundisha hivi."

Nikapiga ile namba pale pale. Haipatikani. Nikapiga tena.

"Acha hiyo simu," alisema, kwa upole kabisa. "Jumamosi asubuhi nampeleka mtoto Mofu. Kuna bibi anayejua dawa ya kuogesha. Ataachishwa ziwa, atakunywa uji wa mchele mwepesi. Wewe utabaki, maziwa yakauke, yasimwite."

"Ana miezi mitano, mama."

"Na anaisha mbele ya macho yako. Unataka nimsubiri afikishe sita akiwa wapi?"

Nilimchukua Lukelo, nikamweka kulia. Alinyonya hadi likaisha, akanitazama. Ile namna mtoto anavyokutazama kama wewe ndiye unayejua kila kitu.

*

Alhamisi sikutaka kwenda darasani. Mwili ulikuwa unanitetemeka, ziwa la kushoto chini ya kitenge lilikuwa gumu kama embe bichi na lilikuwa linachoma. Nilikwenda kwa sababu nyumbani mama Dorotea alikuwa anakunja nguo za mtoto, ndogo ndogo, na kuzipanga kwenye begi. Nilipanda baiskeli yangu nikakanyaga polepole, kila shimo la barabara za mtaa wetu wa Viwanja Sitini nikilisikia kifuani.

Mwalimu Remigius alianza pale alipoishia. Akauliza, "Kwa nini Natron ni chumvi na mto wetu Kilombero siyo? Mito yote inatoka milimani, mito yote inaosha miamba, mito yote inabeba chumvi kidogo. Kwa nini basi hamuionji kwenye mpunga?"

Akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu mto wetu hausimami. Unapita hapa, unakwenda Rufiji, unakwenda baharini. Maji yanayopita hayapati muda wa kuwa chumvi. Natron haina pa kutokea. Maji yanaingia kutoka mitoni, yanaingia kutoka chemchemi, lakini ziwa halina mlango. Yanakaa. Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Leo kidogo, kesho kidogo. Si kwamba maji yameharibika, jamani. Ni mazuri yale yale. Yamefungiwa tu."

Kalamu yangu ilisimama.

Nataka nieleze jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu, hata mama Dorotea. Wiki ya kwanza niliporudi darasani, ziwa la kushoto lilinivujia. Ilikuwa saa kumi na mbili, saa ya Lukelo kunyonya, na mwili haujui kama uko darasani. Gauni likalowa mbele ya wanaume kumi na moja. Niliona mmoja akitazama pembeni, na aibu ile sikuisahau. Kuanzia kesho yake nilianza kulifunga la kushoto kwa kitambaa, kwa nguvu, kabla ya kutoka nyumbani. Nikirudi, mtoto amelala. Akiamka nampa la kulia, kwa sababu la kushoto lilikuwa linauma. Karibu wiki tatu. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nilikuwa nimeziba mlango.

Halafu mama mkwe akaja akaziba juu yake.

"Na msidanganyike na picha," mwalimu alikuwa anaendelea. "Pembeni ya ziwa utaona pamekauka, peupe, pagumu kama sakafu ya saruji. Ni ganda la magadi. Chini yake kuna tope jeusi, zito. Mgeni anapita juu anajiona yuko nchi kavu…"

Nilinyoosha mkono bila kusubiri amalize. "Mwalimu, gari linaweza kunasa?"

"Linanasa, Agnella. Hadi milangoni. Na kulitoa ni kazi ya siku, kwa sababu kila ukikanyaga unavunja ganda lingine."

"Hata dereva mzuri?"

"Mzuri ndiye ananasa zaidi. Anajiamini."

Watu wakacheka. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu hofu moja ilikuwa imetoka na nyingine imeingia hapo hapo. Kama ni gari, basi mume wangu yuko juu ya ganda lile, na jua lile, na maji yale yaliyomgeuza ndege sanamu. *Sioni pa kutokea.* Tangu Jumanne.

Lakini nilikuwa na swali la pili. Nilisimama kabisa, nikashika dawati.

"Mwalimu. Na ziwa kama hilo likifunguliwa mlango? Chumvi inatoka?"

Nilisubiri Fredy aseme neno. Hakusema. Nafikiri uso wangu ulikuwa umeshabadilika.

Mwalimu Remigius aliwaza kidogo. "Inatoka. Maji mapya yanaingia, ya zamani yanatoka, chumvi inapungua. Lakini haiwi siku moja. Kaa chini, mama Lukelo, unatetemeka. Wewe unaumwa."

"Naomba ruhusa, mwalimu."

"Nenda."

*

Mama Dorotea alinikuta uani na beseni la maji ya uvuguvugu, kitenge kimefunguliwa, nakamua. Jua lilikuwa ndiyo linazama. Kila nikibonyeza machozi yananitoka, na maziwa yalitoka kwa shida, mazito, ya njano njano.

"Unafanya nini?"

"Nafungua mlango, mama."

"Nimekwambia lisiguswe!"

"Mama, nisikilize." Nilimweleza yote. Kitambaa, aibu, mto Kilombero, ziwa lisilo na pa kutokea, ganda la magadi, gari. Nilichanganya habari, nilirudi nyuma, nilianza upya. Alisimama na mikono kiunoni.

"Kwa hiyo," alisema nilipomaliza, "mwalimu wa ramani amekufundisha kunyonyesha."

"Hakujua kama ananifundisha."

"Mimi nimezaa saba, Agnella."

"Najua, mama. Uliwahi kumfunga ziwa mmoja kati ya hao?"

Alilitazama beseni. Halafu akasema, "Sikuwa naenda shule," akaingia ndani. Hakunizuia, lakini begi halikufunguliwa. Lilibaki pale pale karibu na mlango.

Ijumaa asubuhi nilikwenda zahanati. Sista aliyekuwepo anaitwa Elineema, mama wa Kipare, mkali kidogo. Alipima joto langu akatikisa kichwa. Akampima Lukelo, akachora kwenye kadi, na niliona kwa macho yangu mstari ambao miezi yote ulikuwa unapanda sasa umeinama.

"Nani alikufunga hivi? Alama zote hizi?"

"Mwanzoni ni mimi mwenyewe, sista."

Hakunigombeza. Aliniambia maziwa yakilala ndani, ziwa linavimba, na chumvi ya mwilini inapenya kwenye maziwa. Hayana sumu. Mtoto anakataa ladha tu. Akanipa dawa za siku kumi, akanionyesha namna ya kukamua kuanzia juu kwenda mbele, akasema kila mtoto akiamka nianze na hilo hilo la kushoto.

"Atalikubali lini, sista?"

"Siwezi kukuahidi siku. Wengine kesho, wengine wiki. Wengine hawarudi tena upande huo."

"Nina mpaka kesho."

"Mpaka kesho kuna nini?"

Nilimwambia. Aliandika kitu kwenye kadi, akaipiga mhuri, akasema, "Mwambie bibi yake nimesema uji bado. Na kama haamini maandishi, mlete hapa, nitaongea naye. Hata kwetu Upareni neno hilo lipo."

Ijumaa nzima nilikamua. Lukelo alikataa asubuhi. Alikataa mchana. Alasiri alishika, akavuta mara tatu badala ya mbili, akaachia. Nilishangilia mara hiyo moja peke yangu kama mwendawazimu.

*

Jumamosi saa mbili asubuhi bodaboda ilisimama mlangoni. Viktor, kijana wa Mofu, huwa ndiye anambeba mama Dorotea akija na akirudi. Akapiga honi.

"Shikamoo mama! Twende kabla jua halijakolea."

"Marahaba, subiri," mama Dorotea alijibu. Alikuwa amevaa viatu. Begi lilikuwa begani. Nilikuwa nimemwonyesha ile kadi yenye mhuri tangu jana, akaisoma, akanirudishia. Kwake mhuri ulikuwa jibu la swali la uzito, siyo jibu la meseji.

"Mama, naomba nimnyonyeshe kwanza. Asiende na njaa."

"Mnyonyeshe. La kulia."

"La kushoto."

Tulitazamana. Nilikuwa sijawahi kumpinga mama mkwe wangu ana kwa ana. Nikasema, "Onja kwanza."

Hakutarajia. Aliweka begi chini, akanyoosha kidole kama Jumatatu. Nikakamua. Yalitoka kwa urahisi sasa, meupe, yakaruka hadi kwenye mkono wake. Akaonja. Nilimtazama mdomo kama mtu anayesubiri matokeo yabandikwe.

"Bado yana chumvi," alisema.

Nilifumba macho.

"Lakini si kama siku ile." Akaonja tena, akameza polepole. "Siku ile yalikuwa kama maji ya dagaa. Haya… haya yamepungua."

"Haiwi siku moja, mama."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamweka Lukelo kushoto. Aligeuza uso. Nikamwacha, nikakamua kidogo midomoni mwake, nikaanza kumwimbia bila maneno. Viktor akapiga honi nyingine na mama Dorotea akamfokea kupitia dirishani, "Wewe, hukunyonyeshwa? Nyamaza!"

Lukelo akashika. Akavuta mara moja, mbili, tatu. Akapumzika. Nikaona kipaji cha uso kimekunjana, anawaza, mtu mzima kabisa. Nne. Tano. Halafu nikasikia akimeza, ile sauti ndogo ya koo, kisha tena, kisha tena, na mkono wake ukapanda ukashika fundo la khanga yangu.

Mama Dorotea alikaa kitandani na viatu vyake miguuni. Mwishowe alitoka nje nikamsikia akimwambia Viktor, "Nenda baba, leo sisafiri."

"Mama, si tulipatana?"

"Mtoto anakula. Unataka nimkatishe?"

*

Simu iliita saa tisa alasiri, kwenye kile kitochi cha mama Dorotea. Nilikuwa nimelala na Lukelo ubavuni, kushoto tena. Mama aliibonyeza akaiweka kitandani katikati yetu, sauti juu.

"Shikamoo mama. Naongea kwa simu ya watu, yangu Jumapili haikushika mtandao, halafu ikaingia maji. Mama, ile meseji, hukumwambia Agnella?"

"Yuko hapa anakusikia."

Upepo tu, upepo mkali wa mahali pasipo na miti.

"Umenasa wapi, Anselim?" mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekaza kama kamba. "Na nani?"

"Na watafiti wawili. Kwenye tope, mama! Kwenye nini kingine? Pale juu pakavu kabisa, ukipiga mguu panalia, nikasema hapa napita. Siku nne tumechimba, leo asubuhi ndiyo gari limetoka. Maji yenyewe yanawasha, viganja vyangu vyote vimetoka ngozi. Mvua imenyesha mlimani usiku mmoja tu, ndiyo…" Akashusha sauti. "Agnella atanicheka maisha yangu yote. Ndiyo maana nilisema usimwambie."

Mama Dorotea alianza kucheka. Alicheka kwa mabega kwanza, kimya kimya, kisha kwa sauti, akalala chali kitandani na khanga usoni, na sikujua ni wakati gani kicheko kiligeuka kilio. "Tope," alikuwa anasema. "Tope, jamani. Tope."

"Mama? Mnanicheka? Agnella, u mzima? Lukelo mzima?"

Nilitaka kumwambia yote, kadi iliyoinama, begi mlangoni, hofu niliyokuwa nayo juu yake na niliyokuwa nayo kwa ajili yake. Yalikuwa mengi kuliko simu ya watu.

"Yuko hapa," nilisema. "Ananyonya. Subiri, usiongee."

Nikaisogeza simu karibu na mtoto, ili huko aliko, juu ya kilima chake, asikie anavyomeza.